Barua ya Bwana Shamba: Usimeze dawa isiyo na jina

Ndugu msomaji,

Mwezi huu sitaandika juu ya mahindi wala mbolea. Nitaandika juu ya vidonge. Utauliza: bwana shamba na vidonge, wapi na wapi? Soma mpaka mwisho. Utaona kwamba jambo hili linanihusu mimi, na linakuhusu wewe pia.

Kila mwaka ninapita vijijini nikisema maneno yale yale. Usinunue dawa ya mimea isiyo na lebo. Soma jina la dawa. Soma kipimo. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Watu wengi wamenisikia, na mashamba yao yamenufaika.

Lakini mimi mwenyewe nilivunja sheria hiyo. Nilinunua dawa isiyo na jina, nikampa mtu ninayempenda.

Vidonge vya gulioni

Mama mkubwa wangu ni mkulima. Magoti yake yalianza kumuuma miaka mingi iliyopita. Asubuhi aliamka akishika ukuta. Siku moja ya gulio alinunua vidonge kwa mchuuzi. Vilikuwa vidogo, vyeupe, vimefungwa katika karatasi ya kaki. Mchuuzi alisema ni dawa ya mifupa. Kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Siku ya tatu mama mkubwa alitembea bila fimbo. Siku ya kumi alikwenda shambani, jembe begani. Nilipomtembelea aliniambia, "Mwanangu, vidonge hivi vimenirudishia ujana."

Nilifurahi sana. Vilipokaribia kwisha, mimi ndiye niliyekwenda gulioni kumnunulia vingine. Sikuuliza jina la dawa. Mimi, bwana shamba!

Miezi ikapita. Uso wake ukawa wa mviringo, mashavu yakajaa. Majirani wakasema amenenepa, maisha yamemkubali. Lakini mikono na miguu yake ilikuwa inakonda. Akijigonga kidogo tu, ngozi ilipata alama nyeusi. Kidonda kidogo cha mguuni kilikataa kupona. Tuliona mambo hayo yote, lakini hatukuyaunganisha.

Kisha masika yakaja. Barabara ikakatika, mchuuzi hakuja. Vidonge vikaisha. Siku ya tatu mama mkubwa hakuweza kusimama. Alitapika. Mwili wote ulilegea. Tulidhani ni malaria, lakini kipimo kilionyesha hana malaria. Tukambeba kitandani mpaka barabara kubwa, tukapata gari la kumpeleka hospitali.

Mganga alimtazama usoni, akauliza, "Mama huyu alikuwa anameza dawa gani?"

Nilimpa ile karatasi ya kaki. Aliigeuza huku na huku. Akasema, "Karatasi hii hainiambii kitu."

Ndugu msomaji, niliona aibu ambayo sijapata kuiona.

Mganga alituambia kwamba dalili zote ni za mtu aliyemeza dawa ya jamii ya prednisoloni kwa muda mrefu, kisha akaiacha ghafla. Alimchoma sindano ya haidrokotisoni na kumtundikia dripu. Kesho yake mama mkubwa alifungua macho, akaomba uji.

Tangu siku ile nilitaka kujua. Je, dawa inawezaje kumwamsha mtu siku ya tatu, kisha ikamwangusha? Nilimwuliza mganga, nikasoma. Haya ndiyo niliyojifunza.

Uvimbe ni kazi ya walinzi

Ukichomwa na mwiba, mahali pale panakuwa pekundu. Panapata joto. Panavimba. Panauma. Dalili hizi nne ziliandikwa na Mrumi mmoja aliyeitwa Celsus, karibu miaka 2,000 iliyopita. Watu wa kale waliziona kama tunavyoziona sisi.

Uvimbe huo ni kazi ya kinga ya mwili. Mwili una walinzi wake. Wengi wao ni chembe nyeupe za damu. Ni ndogo mno, jicho haliwezi kuziona. Mwiba ukiingia, walinzi walio karibu hupiga mbiu. Mbiu yao ni kemikali. Moja inaitwa histamini. Nyingine zinaitwa prostaglandini. Kemikali hizo hupanua mishipa midogo ya damu. Damu nyingi huja, kwa hiyo mahali pale huwa pekundu na pa moto. Maji hutoka katika mishipa, kwa hiyo panavimba. Walinzi wengine hufuata mbiu hiyo na kuja kupigana na vijidudu.

Basi uvimbe si ugonjwa wenyewe kila mara. Mara nyingi ni walinzi wako kazini.

Lakini walinzi nao hukosea. Wakati mwingine huona mgeni asiye na madhara, kama vumbi la maua au karanga, wakampigia mbiu kubwa. Huo ndio mzio, ambao wengi wetu tunauita aleji. Mtu hupiga chafya, huwashwa, hutoka vipele. Mwenye pumu hubanwa kifua. Na wakati mwingine walinzi huwashambulia wenyeji. Katika ugonjwa mmoja wa baridi yabisi, kinga ya mwili hushambulia viungo vya mwili wake yenyewe, mpaka vidole vinapinda.

Hapo ndipo dawa za kutuliza walinzi zinapohitajika. Ziko za aina nyingi. Nitaeleza aina nne.

Aina ya kwanza: dawa za kuzuia prostaglandini

Hizi ni kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Aspirini ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1897. Watu waliimeza miaka zaidi ya 70 bila kujua hasa inavyofanya kazi. Mwaka 1971 mtaalamu wa Uingereza, John Vane, alionyesha kwamba dawa hizi huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Mbiu ikipungua, uvimbe na maumivu hupungua.

Lakini prostaglandini zina kazi nyingine. Hulinda ukuta wa tumbo usiunguzwe na asidi yake. Ndiyo maana mtu anayemeza diklofenaki kila siku anaweza kupata vidonda vya tumbo, hata akatapika damu. Figo nazo zinaweza kuumia. Mama mjamzito asimeze dawa hizi bila kuambiwa na mganga. Mtoto asipewe aspirini bila amri ya mganga.

Aina ya pili: dawa za kuzuia histamini

Hizi ni kama klorofeniramini, ambayo wengi huijua kwa jina la Piriton, na setirizini. Fikiria kitasa cha mlango. Histamini ni ufunguo. Dawa hii huingia katika tundu la kitasa, ufunguo ukakosa nafasi. Kuwashwa kunapungua na chafya zinapungua.

Klorofeniramini huleta usingizi. Usiimeze kisha ukaendesha pikipiki au trekta.

Aina ya tatu: adrenalini

Wafugaji wa nyuki, sikilizeni hapa. Watu wengi wakiumwa na nyuki huvimba mahali pale tu. Lakini wako wachache ambao mwili wao wote hupiga mbiu kwa mara moja. Vipele hutoka mwili mzima. Midomo na koo huvimba. Pumzi hubana. Mtu hupata kizunguzungu na kuanguka. Anaweza kufa kabla uji haujachemka.

Mtu huyo usimpe kidonge cha Piriton ukasubiri. Kidonge huchelewa, na hakiwezi kufungua koo lililovimba. Anahitaji sindano ya adrenalini katika msuli wa paja. Adrenalini hubana mishipa iliyolegea na kufungua njia ya hewa. Hufanya kazi kwa dakika chache. Mkimbize zahanati mara moja. Mlaze chali na kuinua miguu yake. Kama pumzi inabana, mwache akae. Usimsimamishe wala kumtembeza. Aliyepona hatari hiyo mara moja asiende tena mizingani mpaka amepata ushauri wa mganga.

Aina ya nne: jamii ya kotisoni

Hii ndiyo jamii ya vidonge vya mama mkubwa. Humo mna prednisoloni, haidrokotisoni, deksamethasoni na betamethasoni.

Mwili wenyewe hutengeneza dawa ya namna hii. Tunazo tezi mbili ndogo, kila moja juu ya figo. Ukichinja mbuzi, utaziona karibu na figo, zimezungukwa na mafuta. Tezi hizo hutoa homoni ya kotisoli. Homoni ni ujumbe unaosafiri ndani ya damu. Kotisoli husaidia mwili kustahimili njaa, ugonjwa na jeraha. Tena huwaambia walinzi, "Inatosha, tulieni."

Mwezi wa Septemba mwaka 1948, katika mji wa Rochester, Marekani, mganga Philip Hench alimpa mgonjwa kotisoni kwa mara ya kwanza kutibu baridi yabisi. Mgonjwa huyo alikuwa mwanamke wa miaka 29, ambaye viungo vyake vilikuwa vimekakamaa. Baada ya siku chache aliweza kutembea. Watu walishangaa, kama sisi tulivyoshangaa nyumbani kwa mama mkubwa. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili, Edward Kendall na Tadeus Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobel. Lakini shangwe hiyo haikukaa sana. Wagonjwa waliopewa dawa nyingi kwa muda mrefu walianza kuvimba uso, mifupa ikalegea, na magonjwa yakawaingia kwa urahisi.

Kwa nini? Dawa za aina zile mbili za kwanza huzuia ujumbe mmoja mmoja. Jamii ya kotisoni huingia ndani ya chembe yenyewe na kubadilisha amri zake. Mbiu nyingi hunyamaza pamoja. Uvimbe huondoka, lakini walinzi nao wamelala. Mlango wa boma umebaki wazi.

Kifua kikuu kilichojificha mwilini kinaweza kuamka. Sukari ya damu hupanda. Shinikizo la damu hupanda. Vidonda huchelewa kupona. Mifupa huwa dhaifu.

Tena iko minyoo ambayo sisi wakulima tunapaswa kuiogopa. Aina moja hutoka katika udongo, huingia kwa ngozi ya nyayo zisizo na viatu, na huweza kuishi mwilini miaka mingi bila mtu kujua. Mtu huyo akimeza dawa hizi, minyoo inaweza kuzaana na kusambaa mwili mzima, ikamwua. Kwa hiyo, mganga akitaka kukupa prednisoloni, mwambie kwamba wewe ni mkulima na unalima bila viatu. Atajua la kufanya.

Krimu nazo ni hivyo hivyo. Mtu ana mapunye. Anapaka krimu yenye betamethasoni. Kuwashwa kunatulia, naye anafurahi. Lakini mapunye ni kuvu. Walinzi wamelala, kuvu anaendelea kusambaa. Na baadhi ya krimu za kujichubua zina dawa za jamii hii. Ngozi huwa nyembamba na kupasuka.

Kwa nini mama mkubwa alianguka?

Fikiria ng'ombe wa kulima. Akikaa miezi bila kufungwa nira, shingo yake husahau kazi. Huwezi kumfunga jembe ghafla na kulima eka nzima. Lazima umrudishe kidogo kidogo.

Tezi za mama mkubwa zilikuwa hivyo. Kidonge kimoja cha prednisoloni cha miligramu 5 kinakaribia kufanya kazi yote ambayo tezi hizo hufanya kwa siku. Yeye alimeza viwili kila siku kwa miezi. Tezi ziliona kazi inafanywa na mwingine, zikalala. Vidonge vilipokwisha, hakukuwa na wa kufanya kazi. Shinikizo la damu likashuka, nguvu zikaisha.

Ndiyo maana mtu aliyemeza dawa hizi zaidi ya wiki 3 haachi ghafla. Mganga humpunguzia kidogo kidogo, wiki hata miezi, mpaka tezi zimeamka.

Dawa hizi si adui

Ndugu msomaji, usitoke hapa ukasema bwana shamba amekataza prednisoloni. Sikukataza. Dawa hizi zimeokoa watu wengi sana. Mtoto aliyebanwa na pumu hupewa, akapumua. Mwenye dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo asiiache. Kipimo chake ni kidogo, na kazi yake iko kifuani.

Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza figo. Mtu aliyepewa figo ya mwenzake hutakiwa kumeza dawa za kutuliza kinga kila siku. Bila dawa hizo walinzi wake wangeishambulia figo hiyo kama mgeni. Kwake yeye, walinzi waliotulizwa ni uhai.

Tazama pia ugonjwa wa Uviko-19. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walijaribu deksamethasoni, miligramu 6 kwa siku. Kwa wagonjwa waliokuwa wakipumua kwa mashine, vifo vilipungua kwa karibu theluthi moja. Lakini kwa wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni, dawa hiyo haikuleta faida. Dawa ni ile ile. Tofauti ni nani anapewa, na wakati gani. Hilo huwezi kuamuliwa na mchuuzi wa gulioni.

Na ng'ombe wako je?

Deksamethasoni iko pia katika mfuko wa bwana mifugo. Ng'ombe mwenye mimba kubwa akichomwa dawa hiyo anaweza kuzaa kabla ya wakati. Kwa hiyo, kabla ng'ombe hajachomwa sindano yoyote, mwambie bwana mifugo kama ana mimba, na ya miezi mingapi. Uliza jina la dawa, liandike. Uliza pia siku ngapi maziwa yasinywewe na nyama isiliwe.

Mambo ya kushika

1. Usinunue vidonge visivyo na jina. Nunua katika duka la dawa lililosajiliwa, na uombe jina liandikwe.

2. Ukiuziwa "dawa ya mifupa" inayoondoa maumivu yote kwa siku mbili au tatu, shtuka. Huenda ina dawa ya jamii ya kotisoni ndani yake.

3. Kama umekwisha kumeza vidonge hivyo kwa wiki nyingi, usiviache ghafla. Nenda kituo cha afya leo, kabla havijaisha. Chukua karatasi au pakiti uende nayo.

4. Mwambie mganga kila dawa unayomeza, hata ya mitishamba. Usione haya.

5. Dawa aliyoandikiwa jirani si yako, hata kama ugonjwa unafanana.

6. Hifadhi pakiti mpaka dawa imekwisha. Pakiti ndiyo itakayosema wewe usipoweza kusema.

Mama mkubwa yu hai. Vidonge vyake vilipunguzwa kwa miezi mingi. Magoti bado yanamuuma, na fimbo ameirudia. Siku moja nilimwomba msamaha. Aliniambia, "Mwanangu, mimi sikujua kusoma. Wewe ulijua, hukusoma."

Neno hilo ninalo mpaka leo. Alipopata nguvu alijiunga na darasa la kisomo. Sasa, kabla hajameza kidonge, huleta pakiti karibu na taa na kusoma jina herufi moja moja. Jina likimshinda, hulirudia mpaka litoke. Anasema dawa isiyotaka kujitaja haitaingia tena kinywani mwake.

Wewe unayesoma barua hii umekwisha kupata silaha hiyo. Itumie.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Dalili nne za uvimbe ni zipi? Kwa nini zinatokea?

2. Kwa nini mama mkubwa alianguka vidonge vilipokwisha?

3. Mtu akiumwa na nyuki, dalili zipi zinaonyesha hatari? Utafanya nini?

4. Katika kijiji chenu, watu wananunua wapi vidonge? Je, vina majina? Leteni pakiti moja darasani, msome pamoja.

Mwezi ujao tutarudi shambani. Tutazungumza juu ya kuhifadhi mahindi yasiingie kuvu.

Ndugu yenu,
Bwana Shamba